Kuchagua GPS ya baiskeli kwa njia za Mbeya, Njombe na Iringa

Barabara kuu ya TANZAM haihitaji GPS. Ukitoka Makambako kwenda Uyole, lami ni moja na vibao vipo. Lakini hakuna anayefurahia kubanana na semi, na raha ya baiskeli huku kwetu iko nje ya barabara kuu: Chimala kupanda Matamba, Isyonje kuelekea Kikondo, mashamba ya chai ya Mufindi, barabara za magogo ndani ya Sao Hill, njia za migombani kuzunguka Mlima Rungwe. Huko njia panda hazina kibao, ukungu unaweza kufunika bonde lote ndani ya dakika kumi, na mtu wa kumuuliza anaweza kuwa kilomita tano mbele yako. Kifaa kilichoandaliwa vizuri kinakufungulia milima hii yote. Kifaa cha bei mbaya ambacho hakikuandaliwa kinakupeleka korongoni.

Uzito uko kwenye hilo neno, kuandaliwa. Watu hutumia wiki tatu kulinganisha vifaa na dakika tatu kuandaa njia. Ningependa ufanye kinyume chake, kwa hiyo sehemu ya vifaa nitaipitia, lakini nitakaa zaidi kwenye ramani, faili la njia na mipangilio.

GPS haili bando

Tuanze na hili kwa sababu linawazuia wengi. Kipokezi cha GPS hakitumi kitu, kinasikiliza tu. Setelaiti za GPS ziko kiasi cha kilomita 20,200 juu ya ardhi, kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo, na kifaa chako kinahitaji kuzisikia angalau nne ili kijue ulipo na uko kimo gani. Vifaa vya sasa vinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, jambo linalosaidia sana ukiwa kwenye bonde jembamba ambako nusu ya anga imezibwa na mlima. Mnara wa simu hauhusiki. Zima data ukiwa katikati ya Kitulo, nukta yako itaendelea kutembea juu ya ramani, mradi ramani yenyewe uliipakua ukiwa bado na mtandao. Kinachokula bando ni picha za ramani zinazoletwa kutoka intaneti.

Mtandao unasaidia mwanzoni. Kifaa kilichokaa kimezimwa miezi, au kilichosafirishwa kutoka Ulaya, hakijui ni setelaiti zipi ziko juu ya Mbeya. Kila setelaiti inarudia taarifa zake yenyewe kila sekunde 30, lakini ratiba ya setelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kutangazwa mzunguko mmoja. Kifaa kikiunganishwa na programu yake ya simu kinaletewa taarifa hizo kwa muda mfupi. Bila simu, siku ya kwanza kiweke uwanjani juu ya ukuta, mahali pasipo mti wala paa, ukiache dakika 20 bila kukisogeza. Wengi wanaosema "kifaa kibovu" walikiwasha huku tayari wanakanyaga pedali chini ya miti.

Kifaa kipi

Kama unatoka mara moja kwa mwezi, usinunue kitu. Simu uliyonayo, ikiwa na OsmAnd au Organic Maps, inatosha. Programu zote mbili zinatumia data ya OpenStreetMap na zinafanya kazi bila mtandao baada ya kupakua ramani ya Tanzania. Simu ikae mfukoni, uitoe kwenye njia panda. Kuifunga kwenye usukani siku nzima kuna hasara zake: skrini inayowaka muda wote inamaliza betri kabla ya saa nane mchana, jua la saa sita linaipasha moto mpaka inapunguza mwanga au kujizima, matone ya mvua yanabonyeza skrini yenyewe, na mtetemo wa barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati haupatani na kile kidude kidogo kinachotuliza kamera.

Ukianza kutoka kila wiki, au safari za siku nzima, hapo kifaa maalumu kinalipa. Viko vya aina tatu kwa mahitaji yetu.

Aina ya kwanza ni kompyuta ndogo ya baiskeli isiyo na ramani, kama Garmin Edge 130 Plus. Inachora mstari wa njia uliyoipakia juu ya skrini tupu na kukuonyesha kama umeuacha. Ni nyepesi na inatosha pale unapofuata njia inayojulikana. Udhaifu wake unauona daraja likiwa limesombwa: hujui barabara nyingine iko wapi, maana skrini ina mstari wako tu.

Aina ya pili ina ramani kamili: Garmin Edge 530 na mrithi wake 540, Wahoo ELEMNT Bolt na Roam, na nyingine za kampuni kadhaa. Hapa chagua yenye vitufe, uiache ya skrini ya kugusa. Edge 530 na 540 ni za vitufe, 830 na 840 ni ndugu zao za kugusa. Tukuyu inapata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na asubuhi za Juni na Julai kule Njombe na Makete ni za glavu nene. Skrini ya kugusa iliyolowa, ikiguswa na kidole chenye glavu yenye matope, inakukatisha tamaa. Kitufe kinabonyezeka hata kwa kifundo cha kidole.

Aina ya tatu ni kifaa cha mkononi cha watembea milima, mfano Garmin eTrex 22x, kinachotumia betri mbili za AA. Hakivutii, skrini ni ndogo, lakini kwa safari ya siku tano kupitia vijiji ambako umeme unakatika, ndicho ningekibeba. Mtengenezaji anataja saa 25 kwa jozi ya betri. Jihadhari na zile betri za bei ya chini zinazouzwa madukani kwa ajili ya redio na rimoti: nyingi si za alkaline, na kwenye GPS zinakufa mapema mno. Beba za alkaline kutoka mjini, au za kuchaji za NiMH zenye mAh 2,000 na zaidi, kisha uingie kwenye mipangilio uchague aina ya betri uliyoweka. Usipofanya hivyo kipimo cha chaji kitakudanganya, kwa kuwa NiMH ina volti 1.2 wakati alkaline mpya ina 1.5.

Kuhusu saa za betri kwa ujumla: Edge 530 imeandikwa saa 20, Edge 540 saa 26, Bolt za matoleo mawili ya kwanza saa 15. Namba hizo ni za watengenezaji. Ukiwa unafuata njia, mwanga wa skrini uko juu, na vihisi vya mapigo ya moyo na mwendo vimeunganishwa, toa theluthi moja ndipo upange safari yako.

Vingi vinavyofika Mbeya na Iringa ni vya mtumba, na si vibaya, ila vikague. Chaji kifaa hadi asilimia 100, kipakie njia, kiache nje kikifanya kazi saa mbili, uone kimeshuka kiasi gani. Kikishuka zaidi ya asilimia 25, betri imechoka. Bonyeza kila kitufe ukitazama kama mpira wake umepasuka, maana hapo ndipo maji yanapoingilia. Angalia mfuniko wa mpira wa tundu la kuchajia kama upo. Tazama mabawa mawili madogo mgongoni yanayokifunga kwenye usukani, kwa sababu yakivunjika bawa moja, kitaruka kwenye mteremko. Na angalia tarehe. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 6, 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaonyesha tarehe ya karibu miaka ishirini nyuma. Njia bado vinaonyesha sawasawa, ila safari zako zote zitahifadhiwa kwenye mwaka usio wake.

Ramani ndiyo mali

Edge iliyonunuliwa kwa ajili ya soko la Ulaya ina ramani ya Ulaya. Ukiiwasha Iringa utaona nukta yako katikati ya weupe, na labda mstari mmoja unaojifanya TANZAM. Hapo wengi huhuzunika au hutafuta ramani ya kulipia. Hakuna haja.

Ingia tovuti ya BBBike kwa kompyuta. Chora kisanduku kuanzia Tunduma hadi Kitonga, na kutoka Chunya kushuka mpaka Matema, chagua muundo wa Garmin, andika barua pepe yako, na baada ya muda utaletewa kiungo cha kupakua faili lililobanwa. Lifungue. Ndani yake kuna faili linaloitwa gmapsupp.img. Libadilishe jina liwe, tuseme, nyanda.img, ili lisifute lingine lenye jina lilelile ndani ya kifaa. Vifaa vya zamani sana vinatambua jina la gmapsupp.img peke yake, kwa hiyo kwao usibadilishe. Unganisha kifaa kwa waya wa USB, fungua folda ya Garmin, nakili faili humo, ondoa kifaa kwa utaratibu kwenye kompyuta kabla ya kuchomoa waya. Kisha kwenye mipangilio ya ramani ya kifaa zima ramani ya zamani uwashe hii mpya. Zikiwashwa zote mbili, ya zamani inaweza kuifunika mpya na utadhani kazi imeshindikana.

Kompyuta isipokiona kifaa kabisa, usihangaike na kifaa. Badilisha waya. Nyaya nyingi za madukani ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za kupitisha data.

Wahoo ni rahisi zaidi: unachagua nchi kupitia programu ya simu, kifaa kinapakua ramani kwa Wi-Fi. Fanya hivyo mjini.

Ukishaweka ramani, isogeze kwa macho mpaka kijiji unachokifahamu. Je, barabara za pale zipo? OpenStreetMap inachorwa na watu wa kujitolea, na huku kwetu ubora wake hauko sawa kila mahali. Mjini Mbeya vichochoro vingi vimo. Ndani ya Sao Hill utaona mtandao wa barabara za misitu, lakini msitu wa kupandwa unavunwa: barabara iliyochorwa miaka mitano iliyopita inaweza kuwa imeota nyasi, na mpya imefunguliwa kando yake. Barabara nyingi za vijijini hazina maelezo kama ni lami, changarawe au udongo, na kifaa kikikosa maelezo hayo kinakisia.

Kuandaa faili la njia

Chora njia nyumbani, kwenye skrini kubwa. Ride with GPS, Komoot na BRouter zote zinafaa. BRouter ni ya bure na inakupa nafasi ya kueleza aina ya baiskeli na barabara unazozitaka. Usikubali njia ya kwanza inayopendekezwa. Washa picha za setelaiti, ifuate njia yote kilomita kwa kilomita, ukitafuta mambo matatu: mto usio na daraja, barabara inayoishia shambani, na mahali ambapo mstari unaruka kutoka njia moja kwenda nyingine bila kuwa na uhusiano wowote ardhini.

Baada ya hapo hamisha faili la GPX, na hapa kuna chaguo ambalo wengi hawalitambui. GPX inaweza kubeba njia kwa namna mbili. Moja ni orodha fupi ya vituo, ambapo kifaa kinaachiwa kujaza barabara za katikati kwa akili yake. Nyingine ni mfululizo mnene wa pointi zinazofuata barabara yenyewe kila baada ya mita chache. Kwa milima yetu chukua ya pili daima. Ukichukua ya kwanza, vifaa viwili tofauti vitakupitisha barabara mbili tofauti, na kimojawapo kitakurudisha TANZAM.

Faili la GPX ni maandishi tu. Ukilifungua kwa programu ya maandishi utaona mistari mingi inayoanza na trkpt, kila mmoja una latitudo na longitudo. Zihesabu, au angalia ukubwa wa faili. Njia ya kilomita 60 yenye pointi 150 tu ina pointi moja kila mita 400, na hiyo kwenye mlima haifai kitu.

Mfano mzuri ni Chimala kwenda Matamba, barabara inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Ukichora kona hizo kwa pointi chache, mstari unazikata moja kwa moja na kupita hewani juu ya genge. Kifaa kitalia "umeacha njia" kila kona, hata ukiwa katikati ya barabara. Hata faili likiwa zuri, kuna tatizo la pili: barabara inajirudia juu ya yenyewe, vipande viwili vikitenganishwa na mita chache za mteremko. Kwenye uwanja wazi GPS inakosea mita tatu hadi tano. Ukiwa umebanwa na ukuta wa mlima, mawimbi yanadunda kwenye mwamba kabla ya kukufikia na kosa linaongezeka kwa urahisi mara mbili au tatu. Kifaa kinadhani uko kipande cha juu, kinaruka kona mbili, kinakwambia umebakiza pungufu ya ukweli, kisha kinarudi nyuma na kulia tena. Dawa yake: pointi kila mita 10 kwenye kona, ramani ikuzwe mpaka kona moja ijaze skrini, na sauti za maelekezo uzizime ukianza kupanda, kwa sababu pale hakuna njia panda ya kukosea. Vifaa vinavyopokea masafa mawili, L1 na L5, vinavumilia hali hii vizuri zaidi, na ndiyo sababu pekee ambayo ingenifanya niongeze pesa kutoka 530 kwenda 540.

Kabla ya kufunga faili, ongeza alama zako mwenyewe: maji ya kunywa, duka la mwisho, mahali pa kulala, na muhimu kuliko zote, barabara ya kutokea. Kila kilomita 20 weka alama ya njia fupi ya kushuka barabara kuu au kijiji chenye usafiri, ili ukipasua tairi au ukiugua usianze kufikiri pale pale. Ukipita ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo, taratibu na viingilio vya TANAPA vinakuhusu hata kama mstari wako unapita tu.

Kupakia: kwenye Edge, nakili GPX kwenye folda ya NewFiles ndani ya Garmin, uchomoe, ukiwashe. Kitaligeuza kuwa muundo wake na kulihamisha, kwa hiyo usishangae folda ikiwa tupu baadaye. Kwenye eTrex linakaa folda ya GPX. Kisha ifungue njia hiyo kwenye kifaa chenyewe, ukiwa bado nyumbani, uione mwanzo hadi mwisho. Vifaa vya zamani vina kikomo cha pointi na vinakata kilichozidi bila kusema, ukaishia njiani ambako mstari umekoma.

Mipangilio inayoharibu safari

Zima upangaji upya wa njia. Hili naliweka mbele ya yote. Likiwa limewashwa, ukiacha mstari mita hamsini kwenda kununua ndizi, kifaa kinatupa kazi yako yote na kutengeneza njia yake, ambayo mara nyingi ni TANZAM kwa kuwa ndiyo barabara yenye maelezo kamili kwenye ramani. Likizimwa, kinakuonyesha tu mstari wako uko upande gani, na unarudi.

Angalia orodha ya barabara za kukwepa. Kama "zisizo na lami" imewekewa alama, kifaa hakitakubali karibu njia yoyote iliyotajwa kwenye andiko hili. Zima pia uchaguzi wa njia kwa kufuata umaarufu. Unategemea safari za waendesha baiskeli wengine waliorekodi, na huku bado ni wachache mno kuunda picha ya kuaminika.

Rekodi kila sekunde. Ile hali ya kurekodi kwa akili (smart recording) hunusuru nafasi kwa kuruka pointi, na kwenye kona kali inazikata na kupunguza umbali. Kusitisha kurekodi kwenyewe unaposimama (auto pause) nako kuangalie: kukiwekwa kwenye kilomita tano kwa saa, mlima mkali unaoupanda kwa mwendo wa miguu utahesabiwa kama umesimama. Shusha hadi tatu au uzime.

Ukiwa na kihisi cha gurudumu, umbali unatoka kwenye tairi na GPS inabaki kuonyesha mahali tu, jambo zuri kwa kona na misitu. Lakini kiambie mzingo sahihi. Jaza upepo kama unavyouendeshea, weka alama ya chaki kwenye tairi na ardhini pale valvu ilipo chini kabisa, kaa juu ya baiskeli ili tairi libonyee kwa uzito wako, sukuma polepole mizunguko mitatu iliyonyooka, weka alama ya pili, pima kwa milimita, gawanya kwa tatu. Tairi la 26 kwa 2.1 litakupa karibu 2,070, la 29 kwa 2.1 karibu 2,290. Ukikosea milimita 23 kwenye hilo la pili, kila kilomita 100 zinapotoka kwa kilomita moja.

Kimo na mwinuko

Namba za mwinuko ndizo zinazobishaniwa zaidi, na zina sababu mbili za kutofautiana.

Ya kwanza ni ramani ya vimo. Programu nyingi za kuchora njia hutumia vimo vilivyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, kipimo kimoja kila mita 30 hivi. Barabara iliyochimbwa ubavuni mwa mlima ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo mstari wako ukipotoka mita 15 tu pembeni, unachukua kimo cha genge la juu au la chini. Barabara tambarare inageuka milima midogo kumi. Rada hiyo pia ilidunda kwenye miti, ikachukulia vilele vyake kama ardhi, na msitu wa misonobari ukaonekana kilima. Kwa hiyo ukiambiwa njia ya Sao Hill ina mwinuko wa mita 1,400, tegemea pungufu.

Ya pili ni kipimahewa kilicho ndani ya kifaa. Kinapima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa mita. Kwenye kimo cha Mbeya mjini, kama mita 1,700, tofauti ya hektopaskali moja ni karibu mita 10. Sasa, katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka kila siku kwa mpangilio: uko juu karibu saa nne asubuhi, chini karibu saa kumi jioni. Ukitoka saa nne na kurudi saa kumi, mlango wa nyumba yako utasomeka umepanda mita 20 au zaidi. Kifaa hakijaharibika. Weka kimo sahihi cha mahali unapoanzia kila asubuhi, na safari ndefu uweke tena kwenye sehemu unayojua kimo chake. Kipimahewa kinapumua kupitia kitundu kidogo chini au mgongoni. Kikizibwa na tope au maji, kimo kinaganda au kuruka mita mia kwa mara moja. Kioshe kwa maji ya kawaida, ukikaushe. Usichokonoe kwa sindano.

Namba za mahali

Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo inaanza na alama ya kutoa au herufi S. Mbeya mjini ni karibu -8.9, 33.45. Ukisahau hiyo alama, kifaa kitakutafutia njia ya kwenda Sudan Kusini. Kosa la pili ni kuchanganya nyuzi za desimali na nyuzi zenye dakika: 8°54' si 8.54, ni 8.90, na tofauti hiyo ni kilomita 40 ardhini.

Wanaotumia zile karatasi za zamani za Upimaji na Ramani za kipimo cha 1:50,000, ambazo kwa kuonyesha mito na matuta ya milima bado ni nzuri sana, wajue zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Ukichukua namba za karatasi na kuziweka kwenye kifaa bila kubadilisha mfumo, unakosea karibu mita 300. Kwenye makorongo ya Uporoto hizo zinatosha kukuweka ng'ambo nyingine ya mto. eTrex inakuruhusu kuchagua Arc 1960 kwenye mipangilio. Maliza kuingiza namba, kisha rudisha WGS84.

Chaji na maji

Pawabanki ya mAh 10,000 inajaza simu ya kawaida mara moja na nusu tu, kwa sababu sehemu ya nguvu inapotea kwenye kupandisha volti, na kifaa kidogo cha baiskeli inakijaza mara kadhaa. Chaji usiku, si wakati wa mvua ukiwa unaendesha: kifaa kinachostahimili kuzama mita moja kwa nusu saa kinakuwa hivyo mfuniko ukiwa umefungwa. Waya uliochomekwa unaacha mlango wazi. Usiku wa baridi kali Kitulo lala na pawabanki na kifaa ndani ya begi la kulalia, maana betri za lithiamu zinatoa kidogo zikiwa za baridi.

Kishikizi kipime kabla ya kununua. Usukani wa baiskeli nyingi za kisasa ni milimita 31.8 katikati, za zamani ni 25.4, na kishikizi cha chuma cha 31.8 hakikazi kwenye 25.4 bila kipande cha mpira. Vile vya kufungwa kwa pete za mpira vinaingia kote, ila jua linazikausha. Na kipitishie kamba nyembamba kutoka kwenye kifaa hadi usukanini, iwe fupi isifike kwenye spoku.

Mwisho, kipande cha karatasi. Andika majina ya vijiji kwa mpangilio na kilomita kati yao, ukifunge kwenye mfuko wa plastiki. Kinafanya kazi betri ikiisha, na kinafanya kazi nyingine kubwa zaidi: hukupa neno la kumuuliza mtu wa bodaboda kijiweni. Ramani inajua barabara ilipopita. Yeye anajua kama lori lilipita leo asubuhi, kama daraja la miti limeondoka na mvua ya juzi, na kama kuna kivuko cha baiskeli upande wa juu wa mto. Akikwambia daraja halipo, liwekee alama kwenye kifaa hapo hapo, na ukifika penye mtandao liandike kama taarifa kwenye OpenStreetMap, ukitaja tarehe na upande wa mto uliosimama.